Wisteria ya Ukuta wa Kusini

Reading, 8 Februari 2025
Ngazi imetoka stoo. Waliotuuzia nyumba walijisifu kwamba wisteria hii hawajawahi kuigusa kwa mkasi, na kweli: tulipohamia tuliikuta imeingia chini ya vigae na kulikaba bomba la maji ya mvua hadi likapinda. Majani tele, maua hakuna. Hii ni baridi ya pili tunaipogoa. Vijiti vya mwaka jana navirudisha nyuma mpaka yabaki macho mawili au matatu. Hapa haraka haifai, kwa maana macho yenyewe ni ya aina mbili: ya maua manene, ya mviringo, ya majani membamba, yamelala kwenye kijiti. Baba watoto akapita na chai yake: "Mama, mti umeumaliza!" Asubiri Mei.

2 Machi
Tumekaza waya mpya, mmoja kila sentimita 30. Kamba haifai, shina likinenepa huikata. Ukiitazama kutoka juu, yetu inajisokota kinyume cha mwendo wa saa, basi ni ya Kichina. Ya Kijapani huzunguka kama saa.

7 Aprili
Jalidi kwenye kioo cha gari. Matumba ni mazima; ukuta hutunza joto la mchana.

3 Mei
Imechanua! Ya Kichina haina subira, vichala karibu vyote hufunguka kwa mkupuo, majani yakiwa bado machanga. Kila ua nikiliangalia naona ua la kunde: bawa la juu limesimama, mdomo mdogo chini yake. Si ajabu, wote ni jamii ya mikunde. Nyuki wanene wenye manyoya wanatua mdomoni, ua linainama, wanaingia. Harufu imefika hadi chumbani kwa watoto.

Wisteria ya Kichina ilifika nchi hii kwa meli mwaka 1816, kutoka Guangzhou. Kwenye kiwanda cha bia cha Griffin, Chiswick, ipo moja inayosemekana kuwa ya mwaka huohuo. Nitakwenda kuiona, ingawa bia sinywi.

11 Mei
Bibi jirani amekuja kuuliza natumia mbolea gani. Yake ina miaka mingi, haijatoa hata kichala. Kumbe aliiotesha kwa mbegu, na ya mbegu inaweza kukuweka hata miaka 20. Dukani mtu anunue mche uliobebeshwa, tena ukiwa na maua yake, aone anachonunua. Halafu kila mwaka bibi huimwagia mbolea ya nyasi! Naitrojeni yote hiyo ni ya majani. Nimemwambia aiache njaa kidogo, ashike mkasi.

26 Julai
Kupogoa kwa kiangazi. Fimbo za kijani zimerefuka kuliko mimi. Kila moja naiachia majani matano au sita, basi. Jua lifike kwenye vijiti, ndipo macho ya maua ya mwakani yatakapojijenga. Machipukizi yanayotoka chini ya kiungo cha ubebeshaji nimeyang'oa kabisa, hayo ni ya shina mama na yatamla mwenzake. Marufuku ya mpira wa maji imeanza wiki hii, kwa hiyo jioni ni ndoo. Ukame wa Julai hadi Septemba ndio huninyima usingizi, maana maua yakikosekana mwakani, sababu itakuwa ni miezi hii.

30 Agosti
Maganda nimeyakata yote na kuyatupa, yana mahameli ya kuvutia na mbegu zake ni sumu. Kitinda mimba wetu bado anaonja kila kitu. Shangazi wa Tanga aliona picha, akataka nimpelekee mbegu. "Shangazi, shikamoo, lakini hapana." Wisteria inataka majira ya baridi ya kuilaza, na Tanga haina. Atafute petrea: nayo hutambaa, ina vichala vya zambarau, na joto la pwani inalistahimili.