Nyanya na Mbegu Yake

Kiswahili kimeweka bibi na tunda katika neno moja: nyanya. Huenda ni sadfa tu, lakini Ujijini na katika vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika sadfa hiyo inafaa, kwa kuwa tunda hili lililelewa na akina bibi. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na lilianza kuvuka bahari katika karne ya 16. Hapa lilikuta nyanya chungu, mwenyeji wa Afrika, nalo likakaribishwa chunguni.

Kilimo cha jadi kilianza mwisho wa mavuno. Tunda bora halikuliwa wala halikuuzwa. Liliachwa likaiva mno shinani, likakamuliwa chomboni, na maji yake yakachacha siku 2 au 3 mpaka ute unaoifunika mbegu ukaisha. Mbegu ikaoshwa, ikaanikwa kivulini, ikafungwa katika kitambaa. Kitalu kilifunikwa nyasi, na miche ikahamishwa jioni, jua lisiichome.

Upishi ulikuwa na subira ileile. Nyanya zilizopondwa ziliivishwa katika mawese mpaka mafuta yakaelea, ndipo wakatiwa dagaa waliovuliwa usiku kwa mwanga wa taa. Mchuzi huo ukateremsha ugali wa muhogo. Mpishi hakujua laikopeni, rangi nyekundu ya nyanya ambayo mwili huipokea vyema zaidi ikipikwa kwa mafuta. Alijua utamu, na utamu haukumdanganya.

Leo mbegu chotara huzaa sana, na mkulima aliyevamiwa na kantangaze, mdudu aliyegunduliwa Tanzania mwaka 2014, halaumiwi akitafuta msaada dukani. Lakini mbegu itokayo katika tunda la chotara haizai kwa kufuata mama yake. Kila msimu mwenye shamba hana budi kununua tena. Hata hivyo, elimu na urithi si maadui. Aina ya Tengeru 97, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1997 kutokana na utafiti wa Tengeru, Arusha, huzaa mbegu inayofanana nayo, na yaweza kuwekwa akiba kwa njia ileile ya kale.

Kinachotakiwa ni mikono inayoijua kazi hiyo, nayo mikono hiyo inazeeka. Mjukuu anayesifu mchuzi wa bibi bila kuuliza habari za mbegu amerithi chakula cha siku moja.