Meza ya Kiingereza katika Msikiti wa Terrat

Atokaye mjini Arusha kuja kwetu Terrat huuacha Mlima Meru mgongoni, akashuka kusini kwenye vumbi na upepo. Ofisi ya msikiti wetu ni chumba kimoja cha tofali, na nusu yake imemezwa na meza ya kuandikia ambayo kila mgeni huiulizia.

Mzee mmoja, Allah amrehemu, aliinunua mnadani walowezi walipokuwa wakiondoka, kisha akaiweka wakfu kwa ajili ya msikiti. Ni mahogani ya Kiingereza, ingawa mti huo hauoti Uingereza. Uliletwa kutoka Jamaika, Kuba na Honduras, na wengi wa waliokuwa wakiukata walikuwa watumwa wa asili ya Afrika. Uingereza ilipofuta ushuru wa mbao za makoloni yake mwaka 1721, mafundi wa London wakaukimbilia. Sisi tunaye ndugu yake, mkangazi, lakini fundi wetu alipovuta droo hakusita: kuta zake za ndani ni mwaloni, na pembe zimeshikana kwa meno kama vidole vya mikono miwili.

Niandikapo muhtasari wa kikao, huzifikiria barua zilizoandikwa juu ya meza za namna hii. Mwaka 1951 serikali ya Kiingereza iliwahamisha Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, upande wa pili wa mlima, ili ardhi yao wapewe walowezi. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alilifikisha shauri lao Umoja wa Mataifa, New York.

Mwezi uliopita alikuja mnunuzi. Bei aliyotaja ingeezeka madrasa yote, na watoto wetu hunyeshewa. Vijana wa kamati walitaka tuuze. Imamu akasema wakfu hauuzwi. Mlango huo niliusoma chuoni: katika madhehebu ya Shafii, wakfu ambao bado una manufaa hauuzwi, na meza hii ina manufaa. Lakini anayenufaika zaidi ni mimi katibu, hivyo niliomba nisihesabiwe katika kura. Imamu alishinda kwa mtu mmoja.

Barua ya kumkatalia mnunuzi niliiandikia juu ya meza hiyohiyo. Droo ya kushoto sasa ina bahasha ya michango ya kuezekea madrasa. Hadi Ijumaa iliyopita, zilikuwamo fedha za mabati 12.