Sinia Lililotundikwa Ukutani



Mengi huandikwa juu ya nyumba za Waislamu: haki za mke na mume, malezi ya watoto, talaka na mirathi. Leo twataka kusema juu ya jambo dogo kuliko hayo, nalo ni sinia la chakula cha jioni. Huenda msomaji akatabasamu na kuuliza, je, mwalimu wa chuo hakupata la kuandika ila sinia? Twamwomba avumilie kidogo, maana jambo hili lilitufika sisi wenyewe, tena mbele ya wanafunzi wetu.

Sisi twakaa Mtumba, kilometa kama 17 mashariki ya Dodoma mjini, kando ya barabara iendayo Morogoro na Dar es Salaam. Tulipokuwa wadogo mahali hapa palikuwa mashamba ya uwele na mtama, na vichaka vya miiba, na ng'ombe warudio jioni wakitimua vumbi. Mvua yetu ni ya msimu mmoja tu, toka Desemba hata Aprili, na mtu akivuna vibaya hana msimu wa pili wa kujitetea. TANU ilipokata shauri mwaka 1973 kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, sisi tulikuwa hatujaacha kubebwa mgongoni. Tukakua tukizisikia khabari hizo kama mtu asikiavyo khabari za mgeni aliye njiani. Mgeni huyo alikawia sana. Mwaka 2016 Rais John Pombe Magufuli alitangaza kwamba Serikali yahamia. Mwaka 2018 Dodoma ikawa jiji. Na Aprili 2019 Mji wa Serikali ukazinduliwa hapa hapa Mtumba. Tulipochunga mbuzi sasa pana wizara.

Marehemu baba yetu alikuwa mtu wa Tabora aliyeletwa huku na kazi ya reli, na mama yetu alikuwa Mgogo. Baba alikuja kwa gari moshi na sanduku moja, na ndani ya sanduku hilo mlikuwa na msahafu na sinia jeupe la bati lenye ukingo wa buluu. Katika sinia hilo tulilelewa. Mama alisonga ugali wa uwele, mweusi kidogo, na pembeni aliweka bakuli la mlenda uliotokana na majani yaliyokaushwa na kutwangwa, akautia unga wa karanga mwaka wa neema. Wali tuliuona siku za Maulidi na Idi. Lakini hatukumbuki hata jioni moja ambayo tulijiona maskini, maana tuliketi magoti kwa magoti, na baba alikuwa akimega tonge kisha husubiri, ili sisi wadogo tusiachwe nyuma.

Baba alipofariki tulirithi msahafu na sinia, nasi tukaendelea vivyo hivyo na mama watoto wetu na watoto wetu watatu. Kisha mji ukaja.

Hatuulaumu mji. Umetuletea barabara nzuri na wanunuzi wa kila tulichonacho. Miongoni mwa watumishi waliohamia walikuwamo Waislamu wengi waliotaka watoto wao wasome Kurani, nao walituita majumbani mwao baada ya Magharibi, nyumba hii na nyumba ile, na ada yao ilikuwa nzuri kuliko ada ya chuo chetu chote. Tukafurahi, tukasema riziki imetufuata mlangoni. Kijana wetu wa kwanza akachukua pikipiki ya mkataba, akawa anabeba abiria hata usiku. Binti yetu akaenda kumsaidia mama lishe karibu na maofisi, akaondoka alfajiri na kurudi amechoka, akila mapema na kulala. Mama watoto akapakua kila mtu sahani yake, akaifunika kwa sahani nyingine, akaipanga juu ya meza. Kila arudipo mtu hufunua yake, hula peke yake, huiosha, hulala.

Twataka wasomaji wetu watambue kwamba hapakuwa na ugomvi. Hakuna aliyemtukana mwenzake wala aliyenuna. Fedha ziliongezeka na bati jipya likapanda juu ya nyumba. Lau mtu angetuuliza tungejibu kwa moyo mweupe kwamba nyumba yetu i salama.

Ikawa Jumamosi moja asubuhi, tukasomesha chuoni adabu za kula. Tuliwahadithia watoto khabari ya Umar bin Abi Salama, mtoto wa Bibi Umm Salama, aliyelelewa na Mtume wetu, sala na amani zimshukie. Alikuwa mdogo, na mkono wake ukizunguka huku na huku katika chombo. Mtume akamfundisha kwa upole amtaje Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho upande wake. Imo katika Bukhari na Muslim. Kitinda mimba wetu, mwenye umri wa miaka saba, aliisoma Hadithi hiyo kwa Kiarabu pasipo kosa. Nasi, kwa fahari ya mzazi, tukamwuliza mbele ya wenziwe: "Ahsante sana. Na nyumbani kwenu, wewe huketi upande gani wa sinia?"

Mtoto akafikiri kidogo, akajibu: "Kwetu sinia limetundikwa ukutani, Mwalimu. Hushushwa siku ya Idi."

Chuo kizima kilicheka. Sisi hatukucheka. Tulijifanya kutafuta chaki.

Siku ile tulitembea kwenda nyumbani tukiwaza. Mtoto wetu aliihifadhi Hadithi yote, lakini hakuwa na mahali pa kuitumia. Maana kwenye sahani ya mtu mmoja kila kitu ki mbele yako! Utamfundishaje mtoto kutochukua cha mwenziwe, ikiwa hapana mwenziwe? Utamfundishaje kusubiri, ikiwa hapana wa kusubiriwa? Mtume hakumfundisha yule mtoto kwa ubao, bali alimfundisha mkono kwa mkono, juu ya chakula kimoja. Sisi tulikuwa tukizunguka majumbani mwa watu kuwafundisha watoto wao adabu, na wetu tumemwachia sahani.

Tulipomweleza mama watoto, alikuwa akichambua uwele. Hakuinua kichwa. Akasema: "Mwalimu, sinia la mtu mmoja ni dhihaka, ndiyo maana nililitundika. Rudi wewe, nalo litashuka."

Tukaziarifu zile nyumba kwamba tutawasomesha watoto wao chuoni, baada ya Alasiri. Baadhi yao walikubali. Nyumba tatu hazikuweza, kwa kuwa watoto wao hurudi shule jioni, na ada yao ikatupotea. Hatutamdanganya msomaji: tuliiona pengo lake mwisho wa mwezi.

Usiku wa kwanza, baada ya Isha, tulitandika mkeka sisi wenyewe, tukashika birika na kuwanawisha watoto. Walitutazama kwa mshangao, maana tulizoea kunawishwa. Tukakumbuka kwamba Bibi Aisha aliulizwa juu ya kazi za Mtume nyumbani, naye akaeleza kuwa alikuwa akiwahudumia watu wake, na wakati wa Sala ukifika hutoka kwenda kusali. Hadithi hii tumeisomesha miaka mingi tukiwa tumeketi. Kitinda mimba wetu alitia mkono bakulini pande zote nne kabla hatujamega tonge la pili, na dada yake akamshika kifundo taratibu. Hapo Hadithi ya chuoni ikapata mwili.

Lakini jambo kubwa lilikuwa la kaka yao. Alimega matonge matatu, akasema ameshiba. Usiku wa pili vile vile. Kwenye sahani tusingalijua, maana sahani yake ilirudi tupu daima. Baadaye alikiri kwamba chakula alikuwa akiwapa kuku. Penye sinia mkono uliosimama huonekana. Mama yake akamwuliza kwa sauti ya chini, naye akainama, akatueleza kwamba amelala nyuma hesabu ya wiki sita, na mwenye pikipiki ametishia kuichukua pamoja na yote aliyokwisha kulipa. Kijana huyu alikuwa akipita mlangoni mwetu kila usiku na mzigo huo, nasi tulikuwa majumbani mwa watu tukisomesha tajwidi. Tuliuza mbuzi wawili, tukaenda naye kwa yule mwenye pikipiki, tukasikilizana. Usiku ule alikula.

Imepokewa katika Sunan ya Abu Dawud kwamba Masahaba walimlalamikia Mtume kuwa wanakula na hawashibi, naye akawaongoza wakusanyike kwenye chakula chao na walitaje jina la Mwenyezi Mungu, wapate baraka. Zamani tulidhani baraka hiyo ni kwamba ugali utaongezeka. Sasa twafahamu kuwa iko na shibe nyingine.

Hatusemi kwamba kila jioni sasa tumekamilika. Zipo jioni abiria ni wengi na kijana hachelewi kwa kupenda. Hapo humwekea mama yake sahani, lakini mmoja wetu huketi naye akila, ingawa amekwisha shiba. Wala hatusemi kila mtu aache kazi yake, maana riziki ya halali ni ibada. Ila twawaomba wazazi wenzetu wachague chakula kimoja katika siku, na ikishindikana siku, basi katika juma, wasikiache kipite bila wote kuketi. Nanyi vijana, msikionee haya kiti cha mkeka. Siri mnayoficha inatafutwa na watu wawapendao, nao hawataiona ikiwa mwala gizani.

Ule msumari bado upo ukutani. Mama watoto sasa hutundikia ungo.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azitie baraka nyumba za Waislamu, chakula chao na mikusanyiko yao. Amin.