Musa wa Kitabu na Musa wa Sinema

Maandiko matakatifu husimulia mengi kwa maneno machache. Katika Kutoka, sura ya 2, aya ya 10, mtoto Musa apelekwa kwa binti Farao. Katika aya ya 11 amekwisha kuwa mtu mzima. Miaka ya ujana wake yote imepita bila kutajwa. Mwandishi wa kitabu aweza kunyamaza hivyo, lakini mtengenezaji wa filamu hana ruhusa hiyo. Sharti aonyeshe jumba, mavazi na nyuso za watu. Na watu wakiisha kuonekana, hutazamiwa kusema.

Maadamu ni hivyo, simlaumu mtu kwa kuongeza. Cecil B. DeMille, katika filamu yake The Ten Commandments ya mwaka 1956, aliujaza ukimya ule kwa mapenzi ya Musa na binti wa kifalme aitwaye Nefretiri, jina lisilokuwamo katika Kutoka. Nyongeza hiyo yasameheka, kwani kitabu hakikusema neno juu ya miaka hiyo. Jambo zito zaidi ni lile ambalo kitabu kimelisema na filamu ikalifunika. Musa wa filamu, aliyeigizwa na Charlton Heston, husema mbele ya Farao kwa sauti nene ya kuamuru. Musa wa kitabu alimlilia Mungu kwamba ulimi wake ni mzito, akapewa nduguye Haruni awe msemaji wake.

Nilipata kufundisha kijana mwenye kigugumizi. Alikuwa ameitazama filamu ile zaidi ya mara moja, akimjua Musa kuwa shujaa wa watu wenye sauti kubwa. Siku tuliyoisoma sura ya 4, aya ya 10, aliomba aisome tena yeye mwenyewe. Alichukua muda mrefu kuimaliza, na darasa zima lilimngoja.

Wako watengenezaji waliotafuta uaminifu kwa kujizuia. Pier Paolo Pasolini, katika filamu yake ya mwaka 1964 juu ya Injili ya Mathayo, aliyachukua mazungumzo kutoka Injili yenyewe. Hata hivyo vilima tuvionavyo ni vya kusini mwa Italia, na wachezaji wengi hawakuwa waigizaji wa kazi. Moustapha Akkad, katika The Message ya mwaka 1976, alisimulia mwanzo wa Uislamu bila Mtume Muhammad kuonekana wala sauti yake kusikika. Mmoja aliyashika maneno, mwingine akaishika heshima; wala hakuna aliyeweza kukihamisha kitabu kizima hadi kwenye kitambaa cheupe cha sinema.

Filamu ya katuni The Prince of Egypt, ya mwaka 1998, huanza kwa tangazo la unyofu: kwamba hadithi imebadilishwa kwa ajili ya sanaa, na kwamba simulizi yenyewe imo katika kitabu cha Kutoka. Wengi hulipita tangazo hilo wakingoja picha. Ninyi lifuateni. Tazameni filamu kwa furaha, kisha fungueni kitabu, mwone mahali ilipoongeza. Mkiisha kuona hapo, tafuteni kwa bidii zaidi mahali ilipopunguza. Huenda jambo lililoachwa ndilo mlilolihitaji.