Mikunjo ya Buibui

Fundi wa televisheni aliyenifunza kazi hakuwa na mashine ya kupimia rangi. Alikuwa na kioo cha kujitazamia, bisibisi ya mpini wa plastiki, na kanuni moja: buibui jeusi lionyeshe mikunjo, kanzu nyeupe ionyeshe darizi. Seti iliyoshindwa kimojawapo haikutoka dukani.

Nilianza kwake Darajani mwaka 1985. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu 1973, wakati Tanzania Bara hapakuwa na kituo hata kimoja, hivyo seti nyingi tulizoletewa zilikuwa zimeshachoka. Kioo tulikisimamisha kitini mbele ya seti, ili anayegusa vitu kwa nyuma aone picha inavyobadilika. Mkono mmoja kazini, mwingine mgongoni, kwa sababu picha tyubu ya rangi hubeba volti zaidi ya 20,000, na huweza kubaki na umeme hata ukishachomoa waya ukutani.

Seti tuliiacha iwake nusu saa kwanza, maana tyubu ikiwa baridi huyadanganya macho. Kisha tunaondoa rangi yote, ibaki picha ya kijivu. Ndani ya tyubu mna mizinga mitatu, wa nyekundu, wa kijani na wa buluu, na mmoja ukiizidi mingine, kijivu huingia rangi isiyo yake. Kijivu kikitulia, kuanzia gizani mpaka mwangani, ndipo unairudisha rangi kidogo kidogo huku ukitazama nyuso. Maua ya kanga hayakusaidii kitu, maana kanga yaweza kuwa ya rangi yoyote. Uso wa mamako unaujua.

Seti moja niliiharibu mwenyewe. Mteja alitaka picha ing'are saa nane mchana, mlango wazi, jua limeingia mpaka mkekani. Nikakipandisha kitufe kiitwacho skrini kwenye flaibeki, ile transfoma ya volti kubwa, hadi akaridhika. Weusi ukageuka moshi, na mistari myembamba ikaikata picha, lakini yeye aliona mwanga tu. Tyubu ilikuwa nzee nami niliikamua; haikumaliza mwaka. Fedha zake nilimrudishia. Alichohitaji siku ile kilikuwa pazia.

Siku hizi hakuna mgongo wa kufungua, kuna rimoti. Televisheni bapa nyingi huja na picha ya dukani, yenye weupe wa kibuluu, kwa kuwa dukani kila moja inashindana na mwenzake chini ya taa kali. Weupe unaotumiwa na watengeneza vipindi ni kelvini 6,500, na kwenye televisheni yako mpangilio ulio karibu nao ni ule uitwao wa joto ("Warm"). Mteja atasema picha ina umanjano. Namwomba akae nayo siku mbili. Ukali wa picha ("Sharpness") naushusha karibu na sifuri, kwani unachofanya ni kuchora mstari mweupe kuzunguka vichwa vya watu.

Linaloniumiza ni mwangaza. Kitufe hicho, katika televisheni nyingi, hakiongezi taa ya nyuma. Hupanga giza lianzie wapi. Watu hukishusha wakidhani picha inakolea, na vinavyozama kwanza ni ngozi zetu. Shavu, paji la uso na ukuta wenye kivuli vinakuwa doa moja. Nimeingia nyumba nyingi nikakuta familia nzima inatazama mchezo wa kuigiza ambao wahusika wake hawaonekani nyuso, na hakuna aliyelalamika.

Ramadhani iliyopita nilikwenda mtaa wa Malindi kwa bibi mmoja ambaye mwanawe aliyeko Muscat alimletea televisheni mpya. Mjukuu aliweka flashi yenye harusi ya zamani, iliyotolewa kwenye kanda. Nikaupandisha mwangaza polepole, nikitazama kundi la wanawake waliosimama ukutani. Bibi akainuka, akaenda mpaka kwenye skrini, akaweka kidole.

"Huyu wifi yangu. Kumbe kampakata mtoto ndani ya buibui!" Akageuka. "Fundi, rudisha nyuma, baba. Nimwone tena."