Fungate yetu baada ya miaka 25: kutoka Mirongo hadi Bagamoyo

Tulipofunga ndoa mwaka 1999 hatukwenda fungate. Fedha yote ilikwisha kwenye pilau na maturubai, na Jumatatu yake kila mmoja alirudi kazini. Tukaanza maisha katika vyumba viwili hapa Mirongo, jirani na mto unaokatiza mjini Mwanza na kumwaga maji yake ziwani. Walikuja watoto, zikaja ada za shule, na neno fungate likasahaulika.

Lakini si ada tu zilizotuzuia. Kwa miaka mingi baba wa nyumba hii alikuwa mnywaji. Tunaliandika jambo hili tukiwa tumekubaliana wote wawili, maana tunajua si nyumba yetu peke yake. Mshahara uliishia baa, na mama alizoea kulala macho akisikiliza hatua za miguu mlangoni. Mwaka 2012, kwa neema ya Mungu na kwa uvumilivu wa wazee wa kanisa, baba aliacha. Hajarudia mpaka leo.

Basi jubilei yetu ya ndoa ilipokaribia, tuliamua kuidai fungate yetu. Tuliweka kibubu kwa miezi 14, kila mwisho wa mwezi kidogo kidogo. Watoto wadogo tukawapeleka kwa bibi yao, na mwishoni mwa Agosti 2024 tukalielekeza gari letu kuukuu barabara ya Musoma. Ndani tulikuwa na jiko dogo, mablanketi, dagaa wa kukaanga na michembe ya kutosha. Mbele yetu kulikuwa na zaidi ya kilometa 1,200, kwenda tu.

Ndani ya Serengeti

Wengi wetu tunaokaa Mwanza tunadhani Serengeti ni ya Wazungu. Kumbe lango la Ndabaka liko mwendo wa kilometa 140 hivi kutoka mjini, kandokando ya barabara kuu, na kiingilio cha raia ni kidogo mno ukilinganisha na anacholipa mgeni wa nje. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1951 na ina ukubwa wa kilometa za mraba 14,763. Ukiingia kwa Ndabaka unafuata ukanda wa magharibi, pamoja na Mto Grumeti wenye mamba wakubwa ajabu.

Nyumbu wanaohama, ambao ni zaidi ya milioni moja, hupita ukanda huo kama mwezi wa tano na wa sita. Mwezi wa nane wengi wao huwa kaskazini, karibu na Mto Mara. Hata hivyo hatukukosa cha kutazama. Tuliona twiga, pundamilia na nyati, na tembo mmoja mama aliyesimama katikati ya njia mpaka mtoto wake alipomaliza kuvuka. Tulizima injini tukamngoja. Mama na mama wanaelewana.

Saa nane mchana tairi la nyuma likapata pancha. Hifadhini hairuhusiwi kushuka garini ovyo, na nyati walikuwa hatua kama mia moja kutoka pale. Tulikaa ndani vioo vikiwa vimefungwa, jasho linatutiririka, karibu saa nzima. Zamani jambo kama hilo lingezaa ugomvi: nani hakukagua matairi, nani aling'ang'ania safari. Safari hii tulijikuta tunacheka. Gari la askari wa hifadhi lilipofika, mmoja alisimama na bunduki akilinda, na sisi tukapiga jeki na kufunga tairi la akiba. Usiku tulilala Seronera katika hema la kukodi. Tulisikia fisi, na baadaye tulisikia simba kwa mbali. Hakuna aliyethubutu kutoka kwenda chooni mpaka kulipopambazuka.

Kesho yake tulipita Ngorongoro. Hatukushuka bondeni, kwa kuwa gari letu lisingeweza na fedha haikutosha. Lakini kusimama tu ukingoni na kulitazama lile bonde lenye upana wa kilometa 19 hivi, kina chake kama mita 600, na mawingu yakiteleza juu yake, kulitutosha. Tulivua kofia, tukaomba kwa ufupi, tukaendelea hadi Karatu kutafuta kitanda na maji ya moto.

Njia panda ya Makuyuni

Ukitoka Karatu unafika Makuyuni. Ukikata kushoto unakwenda Arusha, Moshi na Korogwe, na njia hiyo nayo itakufikisha pwani. Ukikata kulia unakwenda Babati, Kondoa na Dodoma. Baba alitaka kwenda kulia, maana siku hizi njia hiyo ni lami. Mama alitaka kushoto, ila hakusema sababu. Tulisimamisha gari penye wauza mahindi ya kuchoma, kimya.

Mwishowe mama alitamka: "Dodoma ni nchi ya mvinyo. Miaka kumi na miwili nimelala usingizi. Sitaki kuupoteza kwa sababu ya matembezi."

Baba hakukasirika. Alijibu kwamba hata Mirongo kila mtaa una baa, naye huzipita kila siku. Akaongeza, "Kama unaniamini Mirongo, niamini na Dodoma. Na kama huniamini, niambie, twende kushoto." Tulikula mahindi yetu mpaka yakaisha. Kisha mama akasema, "Haya, twende kulia."

Njiani tulisimama Kolo, wilayani Kondoa. Tulipanda mlima na mwongozaji ili kuona michoro ya kale ya watu na wanyama kwenye mawe, ambayo iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Magoti yalituuma, lakini tulifika.

Mashamba ya zabibu

Dodoma ni kukavu, na mtu hawezi kudhani kwamba zabibu zinaota pale. Tulikwenda Bihawana, nje kidogo ya mji, ambako wamisionari wa Kikatoliki walipanda mizabibu katika miaka ya 1950 wakihitaji divai ya altare. Kutoka hapo kilimo kilienea kwa wananchi. Mizabibu husimama kwa mistari, imetandazwa juu ya nyaya, na ukavu wa hewa husaidia kupunguza magonjwa ya ukungu. Kwa sababu ya joto la mwaka mzima, mkulima hupogoa na kuvuna mara mbili, karibu na Machi na tena karibu na Septemba. Tulikuta mavuno yameanza.

Mama mmoja mkulima alitupokea kwa "Mbukwenyi!" na kututembeza. Alieleza kwamba zabibu iliyokwisha kuchumwa haingoji mtu. Mnunuzi akichelewa siku chache tu, jasho la miezi linaoza. Ndiyo maana wakulima hupenda kukamua wenyewe na kuuza mchuzi wa zabibu. Anasomesha watoto wanne kwa shamba hilo.

Kisha, kwa ukarimu wake, akaleta chupa na bilauri mbili. Tulitazamana. Baba alisimama, akazipokea bilauri kwa mikono miwili kwa heshima, akaziweka mezani. "Dada," alisema, "mimi kitu hiki kiliwahi kunimeza. Nipe zabibu zenyewe, hizo hazina vita nami." Yule mama alinyamaza kidogo. Akasema kwamba hata kwake ndani yuko mmoja wa namna hiyo, kaka yake. Akatujazia kapu zima la zabibu nyekundu na kukataa fedha. Wawili hao waliongea kando kwa muda mrefu juu ya yule kaka, na mama wa Mirongo akabaki mezani analia polepole, lakini si kwa huzuni.

Bahari mwisho wa njia

Kutoka Dodoma tulipita Gairo, Morogoro, Chalinze na Msata, tukaingia Bagamoyo jioni. Ndiko babu zetu kutoka Usukuma na Unyamwezi walikofika kwa miguu, miezi kadhaa, wakiwa na pembe za ndovu mabegani. Ndiko pia Chuma, Susi na wenzao walikoufikisha mwili wa Livingstone mwezi Februari 1874. Tulitembelea misheni iliyoanzishwa mwaka 1868, ambapo watumwa waliokombolewa walipewa makazi.

Nyumbani jua linazama ziwani. Bagamoyo tuliamka alfajiri, tukaliona likitoka baharini. Tulikaa mchangani, tukala zabibu za mwisho, na hatukuwa na mengi ya kusema.

Tulirudi kwa njia ya Singida, Nzega na Shinyanga. Ikiwa nawe unatamani safari kama hii, tunashauri haya machache. Anzeni kibubu mapema. Kagueni matairi, la akiba pia. Ndani ya hifadhi msipange kusafiri usiku. Bebeni chakula chenu. Na lile jambo mnaloogopa kulitamka, litamkeni kabla ya njia panda, si baada ya kuipita.

Bibi yao watoto alipotupokea aliuliza tumeleta nini. Tulimpa kitenge cha Bagamoyo. Usiku huo, Mirongo, mama alilala kabla baba hajazima taa.