Jina la Hali Yangu, Nikiwa na Miaka 53





Hapa Bukavu mmezoea kunisikia nikifundisha juu ya sakramenti na kalenda ya Kanisa. Leo naomba ruhusa yenu niandike juu ya jambo jingine. Tangu ilipojulikana kwamba nilikwenda kwa daktari wa akili, maneno yamekuwa mengi katika mashirika yetu. Wengine wamesema mwalimu amechoka. Wengine wamesema mambo ya vita yamemrudia. Ni afadhali mwenye jambo alieleze kwa kinywa chake.

Nilikwenda kuuliza kama nina usonji, hali ambayo madaktari wetu waliosoma kwa Kifaransa huiita autisme. Usonji si kichaa, wala hauambukizwi. Ni namna ubongo unavyojengeka tangu mtoto akiwa mdogo sana. Mwenye hali hiyo huweza kupokea sauti, mwanga na maneno ya watu tofauti na wenzake. Hushikilia utaratibu, hulipenda jambo moja kwa kina, na hupata shida kuyatambua yale ambayo watu huyasema bila kuyatamka. Wapo wasiosema kabisa na wanaohitaji msaada kila siku. Wapo pia wanaofundisha, wanaooa na kulea watoto.

Mtu wa kwanza niliyemwambia nia yangu alicheka. Alisema huo ni ugonjwa wa watoto, tena wa watoto wa Wazungu. Ni kweli kwamba mwaka 1943 daktari Leo Kanner, huko Marekani, alieleza habari za watoto 11. Lakini watoto hukua. Wa kwanza katika orodha yake, Donald Triplett, alifanya kazi katika benki ya mji wake kwa miaka mingi, akafariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89. Nao watoto wetu wa Kivu wana ubongo kama watoto wengine wote wa dunia.

Mtaniuliza: mtu anawezaje kufika miaka 53 bila kutambuliwa? Shuleni nilikuwa katika darasa lenye watoto wengi mno kwa mwalimu mmoja. Aliyejua somo na asiyefanya makelele alihesabiwa kuwa mtoto mwema, basi. Tulijifunza kwa kukariri, na kukariri kulikuwa raha yangu. Salamu nazo nilizijifunza kama nilivyojifunza katekisimu: swali na jibu, swali na jibu, hadi mwisho. Kanisani nilipata pumziko kubwa zaidi, kwa kuwa katika Misa kila mtu anajua wakati wa kusimama, wakati wa kukaa na neno la kujibu. Baadaye, nilipokuwa mwalimu, ubao na ratiba vilinilinda. Hakuna aliyeona shida, kwa kuwa shida ilianza pale ratiba ilipokwisha.

Shida hiyo aliijua mke wangu. Baada ya harusi au sikukuu, ngoma na vipaza sauti vikiisha, nililala katika chumba chenye giza hadi jioni, bila uwezo wa kusema neno. Wageni wa upande wake walipofika bila taarifa, nilitoka nyuma ya nyumba. Kwa miaka mingi alidhani nawadharau ndugu zake. Nami sikuwa na maneno ya kumweleza, kwa kuwa mimi mwenyewe sikujua. Kisha tukapewa mafunzo ya walimu juu ya wanafunzi wenye mahitaji ya pekee. Mwezeshaji aliandika dalili ubaoni, moja baada ya nyingine, na mimi nikazinakili. Nilipofika nyumbani nikamsomea mama watoto wangu ile karatasi. Alinyamaza kidogo, akasema: «Baba, ni wewe huyu.»

Hapo ndipo nilipoamua kutafuta daktari. Wengi hudhani kuna kipimo cha damu au picha ya kichwa. Hakuna. Kipimo ni mazungumzo marefu, maswali, na kumtazama mtu kwa uangalifu, siku zaidi ya moja. Tena daktari hataki habari za leo tu. Anataka kujua ulikuwaje utotoni, kwa maana hali hii haianzi ukubwani. Kwetu hilo ni gumu. Mama yangu amekwisha kufariki, na buletini zangu za shule zilipotea mwaka 1996, tulipoukimbia mji. Shahidi aliyebaki ni dada yangu mkubwa. Alishuka kutoka kijijini, akakaa mbele ya daktari, akasimulia.

Alisema nilichelewa kusema. Alisema nilipanga punje za mahindi mstari mmoja asubuhi nzima, na aliyeugusa mstari ule alisikia kilio changu hadi kwa majirani. Kengele ya kanisa ilipolia niliziba masikio. Nilipofika miaka saba nilijua siku ya soko ya kila kijiji cha karibu, wala hakuna aliyenifundisha. Kisha akasema jambo ambalo sikuwahi kuambiwa. Majirani walianza kunong'ona kwamba mtoto huyu ni mchawi, na siku moja walikuja watu kumwambia bibi yetu nipelekwe mahali nikaaguliwe. Bibi alikaa mlangoni, akawaambia: «Mtoto huyu anahesabu mahindi. Ninyi mnahesabu nini?» Wakaondoka.

Nimelifikiri jambo hilo siku nyingi. Katika nchi yetu watoto wengi hawakuwa na bibi mlangoni. Walipigwa, walifungishwa chakula, walifukuzwa wakalala barabarani, kwa sababu tu walikuwa kimya mno au wa ajabu machoni pa watu. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inamwadhibu kwa kifungo anayemsingizia mtoto uchawi. Lakini sheria haiwezi kukaa katika kila mlango.

Daktari pia alikuwa na kazi ya kupima mambo kwa kipimo cha kwetu. Maswali mengi ya namna hii yalitungwa mbali. Moja huuliza kama mtu hukwepa kuwatazama wengine machoni. Nilimjibu kwamba kwetu mtoto aliyemkazia mzee macho ataitwa mkosa adabu. Akauliza kwa njia nyingine: «Na rafiki wa rika lako, mlipokuwa wawili tu?» Hapo nilikuwa na jibu.

Mwishoni aliniambia kwamba ndiyo, ni usonji. Hakunipa dawa, kwa kuwa hakuna dawa ya kuuondoa, na anayewauzia watu dawa hiyo anawadanganya. Alinipa maelezo, na maelezo yalitosha kubadili nyumba. Sasa wageni hutuma habari kabla. Katika harusi nakaa karibu na mlango, natoka kidogo, narudi. Mke wangu aliwaita ndugu zake akawaeleza mwenyewe, na shemeji mmoja alinishika mkono akasema kumbe hatukuwa na ugomvi. Kwa neno hilo peke yake, safari yote ilikuwa na faida.

Vijana wangu, nawaombeni mambo matatu. Kwanza, msijipachike jina kwa maswali ya kwenye simu. Maswali hayo yanaweza kukuonyesha njia ya kwenda kwa daktari, lakini hayatoi hukumu. Huzuni, kukosa usingizi na majeraha ya vita huweza kufanana na usonji. Vivyo hivyo kwa hali ya akili isiyotulia mahali pamoja, ambayo madaktari huiita TDAH: hata kwa mtu mzima, daktari hutafuta dalili zilizoonekana kabla ya miaka 12. Mtu mmoja anaweza pia kuwa na hali zote mbili.

Pili, aliye na shida ya kweli asione haya kuuliza. Madaktari wa akili ni wachache katika nchi yetu, na nauli ni mzigo, nalijua hilo. Anza na kituo cha afya cha karibu, uombe kuelekezwa. Hapa Bukavu kuna SOSAME. Kinshasa kuna CNPP. Nenda na mtu aliyekujua ukiwa mtoto, na kama mzee huyo yu hai, msikilize leo, uandike anayokumbuka. Sala iende pamoja nawe katika safari hiyo. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anamheshimu sana mganga. Basi asitokee mtu kukuambia kwamba kumwona daktari ni kukosa imani.

Tatu, msingoje karatasi ya daktari ndipo mmtendee mwenzenu kwa upole. Katika kundi lenu yupo anayekaa pembeni, asiyecheka mnapocheka, anayekasirika ratiba ikibadilika ghafla. Mwambieni mapema mtakayofanya. Mwacheni atoke nje ngoma zikizidi. Mpeni kazi anayoipenda, na mtaona jinsi atakavyoishika. Na mkisikia mtu akimtaja mtoto kuwa mchawi, kaeni mlangoni.

Maswali ya kutafakari pamoja:

1. Katika kundi letu, ni nani tunayemwita mvivu, mkaidi au mwenye majivuno bila kumjua?

2. Mtoto akisingiziwa uchawi katika mtaa wetu, tutakwenda kwa nani, na ni nani kati yetu atakayekwenda?

3. Ni jambo gani moja tunaloweza kulibadili katika mikutano yetu ili asiyependa makelele naye apate nafasi?